Korongo Wasafiri wa Ilembula

Afikaye Ilembula mwezi wa Machi hukuta mvua bado zanyesha, mahindi yamesimama na mabonde yamejaa maji. Huo ndio wakati ambapo korongo weupe hujikusanya kwa safari ya kurejea Ulaya, ambako baridi inakwisha na majani yanaanza kuchipua. (Mabata bukini wa Ulaya hawafiki kwetu. Wale tuwaonao mitoni ni wenyeji wa Afrika.)

Sisi tuliiacha barabara kuu ya Makambako na Mbeya, penye kijiji cha Halali, jina ambalo Muislamu halisomi kibaoni bila ya kutabasamu, tukashuka mpaka kando ya mto. Korongo walikuwa wametawanyika majanini, wakienda kwa miguu yao myekundu taratibu kama wazee waendao sala ya Ijumaa, huku wakiokota panzi, vyura na viwavi. Jua lilipopanda na ardhi ikapata moto, akaruka mmoja, kisha wawili, kisha kundi zima. Wakazunguka angani, juu na juu zaidi, bila ya kupiga mbawa, mpaka wakawa kama punje za ufuta.

Korongo ni ndege mzito. Lau angepiga mbawa njia nzima angechoka, kwa hiyo hutegemea hewa ya moto ipandayo kutoka ardhini. Juu ya bahari hewa hiyo ni haba, na kwa sababu hiyo huizunguka Bahari ya Kati. Hufuata Nile, akapita Sinai, Sham na Uturuki, hadi Poland na Ujerumani. Safari ya upande mmoja yaweza kufika kilomita 10,000. Sura ya Al-Mulk, katika aya ya 19, yatuelekeza kuwatazama ndege walio juu yetu na kufikiri ni nani awashikaye. Aya hiyo tumeisoma tangu chuoni. Kando ya mto ule ndipo tulipoiona.

Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege hawa huenda wapi, na wengine walidhani hujificha matopeni. Mwaka 1822 korongo mmoja alipigwa karibu na Klütz, Ujerumani, akakutwa na mshale wa Kiafrika umemchoma shingoni. Alikuwa ameruka nao mpaka huko. Hata leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Waturuki nao humwita korongo haji, kwa kudhani kwamba kila mwaka huenda Makka. Katika mji wao wa Bursa, karne ya 19, palikuwa na nyumba ya kuwauguza korongo walioumia safarini. Twapenda vijana wetu wenye manati waijue habari hiyo.

Lakini msafiri huyu ataka maji, nasi pia twayataka. Mito ya upande huu huteremkia Usangu, penye kinamasi cha Ihefu, na kutoka hapo huendelea Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na sababu moja kubwa ni maji yachukuliwayo huku juu kwa mashamba ya mpunga. Hatumlaumu mkulima: mchele wa Usangu tumeula, na watoto wake wataka kusoma. Ila Mtume S.A.W. alikwisha kuhukumu jambo kama hili huko Madina, katika maji ya bonde la Mahzur. Aliye juu azuie maji mpaka yafike vifundo vya miguu, kisha amwachilie wa chini.

Mpunga ukisha kuvunwa, mfereji ulioachwa wazi humwaga maji yake porini bure. Mlango wake ukifungwa, maji hayo hubaki mtoni na kuendelea Ihefu, katika nchi ambayo korongo watairudia mwezi wa Novemba.