Bawabu wa Schio

Neno mtakatifu, kama lisikikavyo makanisani, lina asili ya kawaida sana. Limetoka katika kutakata, na kutakata ni kazi ya maji, ya ufagio na ya jua. Nguo hutakata, ua uliofagiwa hutakata, mbingu hutakata baada ya mvua. Hata hivyo, waumini wengi walisikiapo neno hilo hawakumbuki ua wala nguo. Hukumbuka sanamu iliyosimamishwa juu ya nguzo, macho yameelekea mbinguni, na maisha yaliyosheheni miujiza ambayo mtu wa kawaida, mwenye deni dukani na mgonjwa nyumbani, hathubutu hata kuyasogelea.

Mtume Paulo hakulitumia hivyo. Alipowaandikia Wakristo wa Roma na wa Korintho, aliwaita wote kuwa watakatifu. Na katika waraka wake wa kwanza kwa hao Wakorintho, muda si mrefu baada ya kuwaita kwa jina hilo tukufu, aliwakaripia kwa ugomvi wao, kwa kushtakiana mbele ya mahakimu na kwa kula wakashiba ilhali wenziwao wana njaa. Kwake yeye, basi, jina hilo lilikuwa la watu walioianza safari, wangali na vumbi miguuni.

Karne zilipita, na Kanisa likaweka utaratibu wa kuwatangaza baadhi ya marehemu kuwa vielelezo kwa walio hai. Miongoni mwao yumo mwanamke mmoja wa Kiafrika, Josephine Bakhita, aliyetangazwa mtakatifu na Papa Yohane Paulo wa Pili tarehe 1 Oktoba 2000. Hakuanzisha shirika, hakuandika kitabu cha teolojia, wala hakuuawa kwa ajili ya dini. Kwa zaidi ya miaka arobaini aliishi katika mji mdogo wa Schio, kaskazini mwa Italia, akipika, akishona, akidarizi, akitunza vyombo vya kanisa na kufungua mlango. Anayetaka kujua utakatifu wa kila siku una maana gani hana budi kusimama kidogo mlangoni pake.

Alizaliwa Darfur mnamo mwaka 1869. Alikuwa mtoto mdogo, bado hajatimiza miaka kumi, alipotekwa na wafanya biashara ya watumwa. Aliuzwa na kununuliwa mara kadhaa, katika soko la El Obeid na kwingineko, hata akafika Khartoum. Katika nyumba ya ofisa mmoja wa jeshi la Kituruki alichanjwa chale kwa amri ya wenye nyumba, na vidonda vikatiwa chumvi ili alama zisifutike. Alama hizo, zilizohesabiwa kuwa 114, alizibeba hadi kaburini. Jina alilopewa na wazazi wake alilisahau kwa hofu na mateso. Lililobaki ni lile alilopewa na waliomteka: Bakhita.

Mswahili hahitaji mkalimani kulifahamu jina hili. Ni ndugu wa damu wa neno bahati. Watekaji walimwita mwenye bahati mtoto waliyekwisha kumpokonya mama, baba, lugha na jina. Wala ada hiyo haikuwa ya Sudan peke yake. Pwani ya Afrika Mashariki nayo iliwajua watumwa walioitwa Mabruki, Faraji, Baraka na Majaliwa, majina ya heri yaliyovikwa watu wasioonjeshwa heri. Mwenye mtumwa hupenda kusikia neno jema aitapo.

Mwaka 1883 alinunuliwa na Callisto Legnani, mwakilishi wa serikali ya Italia mjini Khartoum, ambaye hakumpiga. Majeshi ya Mahdi yalipoukaribia mji ule, Legnani aliondoka, na binti akaomba kufuatana naye. Mwaka 1885 walifika Italia, na huko akatolewa kama zawadi kwa familia ya Michieli, rafiki za Legnani. Akawa yaya wa mtoto wao mdogo, Mimmina. Kwa mujibu wa masimulizi yake mwenyewe, hawakuwa watu wakatili. Walimlisha, walimvisha, na mtoto alimpenda. Wala hawakuona taabu yoyote kudhani kwamba ni mali yao.

Mwaka 1888 mama wa nyumba alisafiri kwenda Suakin, ambako mumewe alikuwa na hoteli, akawaacha Mimmina na yaya wake kwa watawa wa Kanosa mjini Venezia. Humo, katika nyumba ya wakatekumeni, Bakhita alianza kufundishwa habari za Mungu ambaye, kama alivyoeleza baadaye, alikuwa akimhisi tangu utotoni alipolitazama jua na nyota na kujiuliza ni nani bwana wa vitu hivi. Mama wa nyumba aliporudi kumchukua ili aende naye Afrika, Bakhita alikataa kutoka.

Wasimulizi wa habari za watakatifu wana haraka ya kulipita neno hili, nalo ndilo mlango wa yote yaliyofuata. Msichana aliyezoezwa tangu utotoni kusema ndiyo kwa kila anayempa amri, leo alisema hapana, tena mbele ya mwanamke aliyemtendea wema na mtoto aliyekuwa akilia asiachwe. Shauri lilifika mahakamani. Tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ya Italia iliamua kwamba sheria za nchi hiyo hazitambui utumwa, na kwa hiyo Bakhita hakuwa mali ya mtu. Alikuwa na miaka ipatayo ishirini. Kwa mara ya kwanza tangu kutekwa kwake aliulizwa anataka kwenda wapi, akachagua kubaki pale alipokuwa.

Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akapewa majina ya Giuseppina Margherita, na pamoja nayo Fortunata, ambalo ni Bakhita kwa Kiitaliano. Padri aliyelifasiri jina hilo, pengine pasipo kukusudia, alifanya jambo kubwa. Neno ni lile lile, maana ni ile ile, lakini sasa aliyeitwa alikuwa ameitika kwa hiari yake. Tarehe 8 Desemba 1896 aliweka nadhiri katika shirika lililoanzishwa na Magdalena wa Canossa mwaka 1808. Miezi minne tu baadaye, Aprili 1897, Zanzibar ilitangaza kuifuta hadhi ya utumwa kisheria, ingawa masuria waliachwa nje ya tangazo hilo hadi mwaka 1909.

Mwaka 1902 alipelekwa Schio. Hapa ndipo msomaji wa habari za watakatifu huanza kupiga miayo, kwa sababu hakuna kinachotokea. Kuna sufuria, sindano, vitambaa vya altare, na kengele ya mlango. Kutawa, katika Kiswahili cha zamani, ni kukaa ndani na kujitenga na macho ya watu. Lakini mtawa huyu alipewa kazi ya kuwa bawabu, asimame pale ndani na nje vinapokutana. Watoto wa shule ya masista walipita kwake kila asubuhi, naye akiwawekea mkono kichwani. Maskini walipita, wagonjwa walipita, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, sehemu ya nyumba ilipogeuzwa hospitali ya kijeshi, walipita askari waliojeruhiwa. Sauti yake, iliyobaki na lahani ya kwao, iliwatuliza. Wenyeji walimwita Madre Moretta, yaani mama mweusi mdogo. Lilikuwa jina la mapenzi, na pia jina la watu ambao hawakuacha kuiona rangi yake kwanza. Alilijua hilo, na mlango aliendelea kuufungua.

Lakini ufunguzi wa mlango una uzito gani katika mizani ya imani? Mwenye kufungua mlango hachagui nani agonge. Hugonga mwenye shida ya kweli na mwenye shida ya kubuni, mwenye adabu na mwenye jeuri, saa ya sala na saa ya chakula. Tendo moja la ushujaa laweza kufanywa na mtu yeyote katika siku yake njema. Kumkaribisha mgeni wa arobaini kwa uso ule ule aliokaribishwa nao wa kwanza, na kesho kuanza tena, ni kazi ambayo hakuna aipigiaye makofi. Bakhita, aliyewahi kuwa mali ya kufunguliwa na kufungiwa, alikabidhiwa ufunguo.

Lipo jambo moja katika habari zake ambalo hapa pwani haliwezi kusomwa kwa wepesi. Yasimuliwa kwamba siku moja aliulizwa angefanyaje kama angekutana na waliomteka. Alijibu kwamba angewapigia magoti na kuibusu mikono yao, kwa maana pasipo wao asingekuwa Mkristo wala mtawa. Jibu hili limehubiriwa mara nyingi. Zanzibar soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa pale Mkunazini jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana. Katika mji kama huo, ambamo kizazi cha waliouza, cha walionunua na cha waliouzwa hununua samaki katika soko moja, maneno hayo yaweza kugeuzwa kizibo cha kuwazibia watu midomo. Mbona Bakhita alisamehe? Basi nanyi nyamazeni.

Anayesema hivyo hakumsikiliza Bakhita. Kwanza, yeye hakunyamaza. Mwaka 1910 aliisimulia habari yake kwa mtawa mwenzake aliyeiandika, na mwaka 1931 Ida Zanolini aliitolea kitabu; soko, viboko, chale na chumvi vyote vimo. Alisamehe akikumbuka. Pili, alilosema alilisema juu ya nafsi yake, wala hakumwamuru mwingine aliyetekwa aseme vivyo hivyo. Tatu, aliyetoa msamaha huo ni mtu aliyekwisha kusema hapana na kuachiliwa huru. Msamaha wa mtu huru ni zawadi. Ukidaiwa kwa mtu ambaye mnyororo ungali shingoni mwake, huwa ni kodi nyingine juu ya zile alizokwisha kutozwa.

Na hata kwake yeye msamaha haukulifuta jeraha. Katika siku zake za mwisho, mwanzoni mwa mwaka 1947, homa ilimrudisha utumwani. Wauguzi walimsikia akiomba minyororo ilegezwe kwa kuwa ni mizito. Alikuwa huru kwa miaka hamsini na saba, mtawa kwa miaka hamsini. Alifariki tarehe 8 Februari 1947 huku mji mzima ukipanga foleni kumwaga. Wapo wanaoona haya kuyataja maneno yale ya homa, kana kwamba yanapunguza utukufu wake. Kinyume chake, yanaonyesha ni mzigo gani alioubeba kila asubuhi alipoamka kwenda kupika na kufungua mlango kwa upole. Pale Mkunazini, kando ya kanisa, lipo shimo lenye sanamu za watumwa zilizowekwa mwaka 1998, na shingoni mwao umepitishwa mnyororo wa kweli wa zama zile. Wageni huupiga picha. Bakhita alikuwa nao katika ndoto zake.

Tangu mwaka 2015 siku ya kifo chake imekuwa siku ya sala dhidi ya biashara ya binadamu, na ni haki iwe hivyo. Darfur alikozaliwa imeungua kwa vita tangu 2003, na tena tangu Aprili 2023. Lakini sala ya siku moja ina hatari ya kuwapeleka waumini mbali, huko jangwani na katika masoko ya zamani, ilhali habari ya Bakhita inawaita warudi nyumbani. Familia ya Michieli haikuwa genge la watekaji. Ilikuwa nyumba ya Kikristo, yenye meza iliyoandaliwa na mtoto aliyependwa. Kosa lake lilikuwa kutomwuliza yaya, hata siku moja, yeye mwenyewe anataka nini.

Nyumba za namna hiyo hazijakwisha. Yuko msichana aliyeletwa mjini kutoka kijijini akiwa na miaka kumi na miwili, aitwaye mtoto wa nyumba hii, ambaye hulala jikoni na hajui mshahara wake ni kiasi gani. Yuko mwingine aliyevuka bahari kwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, akachukuliwa pasi yake siku ya kwanza ili itunzwe. Bibi wa nyumba aweza kuwa mtu wa sala, tena asiyewahi kuinua mkono wake kumpiga. Jumapili hukaa safu ya mbele, akatazama juu kwenye sanamu, akatamani utakatifu.

Hauko mbali naye kiasi hicho. Atakaporudi kutoka ibadani atagonga, na mlango utafunguliwa na mtu. Na aanze hapo. Amwulize jina alilopewa na mama yake, amlipe kilicho chake, amrudishie ufunguo. Kisha amwulize anataka kwenda wapi, akae kimya asikie jibu, hata kama jibu lenyewe ni hapana.