Safari ya Milimani: Siku Mbili Kabale na Ziwa Bunyonyi

Kama tulivyoahidi kwenye kikao cha wazazi, leo tunawaletea mpango wa safari ya likizo ya Agosti. Sisi walimu wa kujitolea tutakwenda na wanafunzi wa darasa la sita na la saba mpaka Kabale, tulale usiku mmoja, tuone Ziwa Bunyonyi, kesho yake turudi.

Wengine wametuuliza: kutembelea milima ni kwa nini, na chakula chenyewe ni shida? Swali ni la haki. Jibu letu ni hili. Watoto wengi wamezaliwa hapa, ama walifika wakiwa mgongoni. Kila siku wanasikia wazee wakisema kwetu Masisi, kwetu Rutshuru, ng'ombe kwenye mteremko, ukungu wa asubuhi. Wao wanachojua ni vilima vya nyasi na vumbi vya huku Isingiro. Kabale si kwetu, lakini inafanana na kwetu. Mtoto akiiona, ataelewa bibi yake anaongea nini.

Njia ni hii: Nakivale mpaka Mbarara ni kama kilomita 60, halafu kupitia Ntungamo mpaka Kabale ni kama kilomita 140. Tumechagua Agosti kwa sababu mvua ya Machi mpaka Mei imekwisha, na nyingine inaanza Septemba. Mbele ya Ntungamo vilima vinaanza kubanana, barabara inazunguka na kupanda. Mji wa Kabale uko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya usiku kule si mchezo, wazazi. Sweta ni lazima.

Kutoka mjini mpaka ziwani hakuna mbali, haifiki kilomita 10. Bunyonyi maana yake ni mahali pa ndege wadogo wengi. Zamani palikuwa bonde. Volkano ilimwaga mawe ya moto yakaziba njia ya maji, likawa ziwa. Lina visiwa 29. Hatuwezi kuviona vyote, kwa hiyo tutatazama viwili tu. Cha kwanza ni Bwama, ambako daktari Mwingereza Leonard Sharp alianzisha mahali pa kutunza wagonjwa wa ukoma kuanzia 1931. Leo watoto wanasoma shule palepale. Cha pili ni Akampene, kisiwa kidogo chenye nyasi. Huko zamani msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa aliachwa afe njaa, ama achukuliwe na mwanaume asiye na ng'ombe za mahari. Tutawaeleza watoto habari hiyo wazi, na wavulana wasikilize vizuri zaidi.

Kitu tunachotaka watoto wakitazame sana ni mashamba. Milima yote imekatwa kama ngazi, ngazi juu ya ngazi, viazi, maharage na mtama mpaka kileleni. Ngazi hizo zinazuia udongo usiende na mvua. Miaka ya 1940 serikali ya wakati ule ilisimamia sana kazi hiyo, maana watu walikuwa wengi na ardhi ndogo. Kuanzia 1946 familia nyingi zilihamishwa kwenda sehemu nyingine kutafuta mashamba. Sisi wenye viwanja vidogo hapa kambini tuna la kujifunza: udongo ukishuka, haupandi tena.

Sasa jambo zito. Wanafunzi waliomba tuendelee mpaka Kisoro, waone mlima Muhabura wenye mita 4,127. Tumekataa. Kisoro iko karibu na Bunagana, mpaka uliotekwa Juni 2022, na wengi wetu tulipokelewa Nyakabande kisha tukaletwa huku na basi. Hata barabara ya Kabale ndiyo ileile. Mama mmoja ametuambia alipita Kabale usiku na mtoto mgonjwa, hakuona mlima wala ziwa. Kuna watoto wanaokumbuka. Kwa hiyo kila mzazi aongee na mtoto wake kwanza. Asiyetaka kwenda asilazimishwe, wala asichekwe. Na mzazi anayetaka kusindikiza, nafasi tatu zipo.

Mambo ya kukumbuka:

- Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kutembea nchini, lakini karatasi ni karatasi. Mkubwa abebe kitambulisho, mtoto nakala ya karatasi ya familia. Ofisi ya kambi tutaipa orodha ya majina mapema.
- Sweta, blanketi, viatu vya kufunga na sahani.
- Chakula tutapika wenyewe: posho na maharage kutoka hapa, viazi tutanunua kule.
- Mtumbwi usio na maboya ya kuvaa kwa kila mtu, hatupandi. Hapa hakuna kubembelezana.
- Gari litatoka Base Camp saa kumi na moja asubuhi.

Mchango tutaupanga pamoja kwenye kikao kijacho. Asiye na pesa alete maharage. Watoto watakaobaki tutawaletea picha, na kila msafiri ataandika ukurasa mmoja wa kuwasomea wenzake darasani.

Ninyi wazee wa milimani, kabla ya Agosti, waambieni watoto wawaangalizie nini kule.