Chandarua na Dirisha

Hapa Mabawa, Tanga, wakati wa kaskazi usiku una joto kali. Wengi husema, "Chandarua kina joto," wakakiacha. Kumbe joto ni la dirisha walilolifunga kwa kuogopa wezi. Mbu wa malaria huuma usiku, na mtoto mchanga hana nguvu ya kushindana na homa yake.

Chumbani kwetu tumefanya hivi. Dirishani tumetia nondo na wavu wa mbu: upepo hupita, mwizi hubaki nje. Kitanda tumekisogeza mbali na ukuta, chandarua kining'inie vizuri. Maana mwili ukikigusa, mbu huuma kwa nje. Pindo lake twalichomeka chini ya godoro. Kikifuliwa twakianika kivulini, kwani jua kali huharibu dawa yake. Jiko la mkaa halilali nasi hata siku za masika: hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, nayo huua watu usingizini.

Wazazi, watoto ni amana ya Mungu. Baada ya sala ya jioni, tazameni kwanza chandarua cha mtoto, ndipo mzime taa.