Kisima cha Jirani na Sheria ya Nyumba



Nyumba ni sitara. Mja akijaaliwa kujenga, watu humpongeza kwa urefu wa kuta, kwa mng'ao wa vigae na kwa wingi wa vyumba. Ni nadra mgeni kuuliza: maji machafu ya nyumba hii yaenda wapi? Ilhali swali hilo ndilo linaloamua kama watoto wa nyumba hiyo, na wa nyumba ya pili, watakuwa wazima.

Sisi dada watatu tulikutana na swali hilo mjini Kitale, tulipoazimia kumjengea mama yetu katika kiwanja alichotuachia marehemu baba. Kiwanja chenyewe ni cha hamsini kwa mia, kipimo akijuacho kila Mkenya: futi 50 kwa futi 100, yaani takriban mita 15 kwa 30. Mpango wetu ulikuwa nyumba ya mama mbele na vyumba vitatu vya kupangisha nyuma, ili kodi yake imkimu bila ya kumtegemea mtu. Fundi, bwana mpole na hodari wa kazi, alipima akasema karo la maji machafu lichimbwe pembe ya nyuma. Ng'ambo ya ua, hatua chache kutoka pembe hiyo, pana kisima cha jirani, mjane mwenye wajukuu. Tulipomwonyesha fundi kile kisima, alitabasamu.

"Mama, hapa kila mtu huchimba nyuma. Nani atakuja na futi kupima?"

Jibu lile lilitufanya tutake kujua: kipimo ni kipi, nani amekiweka, na kimefikaje Kitale?

Kwa zaidi ya nusu karne, ujenzi nchini Kenya uliongozwa na kanuni za mwaka 1968, zilizofuata kwa kiasi kikubwa desturi na viwango vya Uingereza. Kanuni hizo ziliitwa za kupokelewa. Serikali kuu iliandika maandiko, kisha kila baraza la mji likatakiwa liyapokee rasmi ndipo yawe sheria katika mipaka yake. Kulikuwa na kanuni za daraja la kwanza kwa majengo ya kudumu, na za daraja la pili, zilizo nyepesi, kwa maeneo maalumu ya watu wa kipato cha chini. Mwaka 1995 zile za daraja la pili zilirekebishwa ili kuruhusu vifaa vya bei nafuu, lakini marekebisho nayo yaliwangoja madiwani wa kila mji. Hivyo ndivyo kanuni njema zilivyoweza kuwa hai katika mji mmoja na kulala kabatini katika mji wa pili.

Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya makao ya kufaa, ya viwango vinavyostahiki vya usafi, na ya maji safi na salama ya kutosha. Jedwali la Nne likazikabidhi kaunti kazi ya kupanga miji, pamoja na huduma za maji na za kuondoa maji taka. Mabaraza ya zamani yakaondoka baada ya uchaguzi wa 2013, na Kitale ikawa chini ya serikali ya Kaunti ya Trans Nzoia, Bungoma chini ya serikali ya kaunti yenye jina lake. Kanuni mpya za kitaifa za ujenzi zilitangazwa mwaka 2024, zikaanza kutumika tarehe 1 Machi 2025, na zile za 1968 zikawekwa kando.

Hata hivyo, kitabu kipya hakijengi wala hakipimi. Chini ya Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya 2019, ruhusa ya kujenga hutolewa na kaunti. Ni kaunti inayopaswa kuajiri wakaguzi, kutenga fedha katika bajeti yake, na kutunga sheria ndogo zinazoafikiana na ardhi na mvua ya mahali pake. Kwa hiyo, japokuwa neno "kupokelewa" limeondoka katika jina la kanuni, kazi ya kuzipokea ingalipo.

Turudi kwenye kipimo. Wataalamu wa afya wamependekeza kwa miaka mingi kwamba choo cha shimo na kisima vitengane kwa mita 30, na kwamba kitako cha shimo kiwe angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Si ushauri wa wenye wasiwasi. London mwaka 1854, tabibu John Snow aliwafuatilia wagonjwa wa kipindupindu mpaka akafika kwenye pampu moja ya mtaa, na baadaye ikagunduliwa kuwa shimo la uchafu la nyumba iliyo karibu lilikuwa likivuja kuelekea kisima cha pampu hiyo.

Sasa tutazame kiwanja chetu. Urefu wake wote ni mita 30 na ushei, na upana ni nusu ya hapo. Mwenye kisima na choo katika kiwanja cha hamsini kwa mia hawezi kutimiza kipimo hicho ila aviweke ncha na ncha, na hata hapo hajui jirani wa nyuma amechimba wapi. Kumbe kipimo hiki hakiwezi kutunzwa na nyumba moja peke yake. Chatunzwa na mtaa mzima, ama hakitunzwi kabisa.

Jambo hilo lilizua mazungumzo marefu nyumbani. Shemeji yetu, anayejua thamani ya shilingi, alituambia waziwazi: karo likihamishiwa mbele, chumba kimoja cha kupangisha kitapotea, na mama ndiye atakayepungukiwa kila mwezi. Hakusema uongo. Nasi tulijua kwamba kumdhuru jirani ni haramu hata kama ni kwa jambo la halali kama kujenga. Mama alitusikiliza, kisha akauliza, "Yule bibi wa nyuma huwatilia wajukuu zake maji gani?" Tulipomjibu kwamba ni ya kisima, akasema, "Basi hicho chumba kimoja nimekisamehe."

Karo likajengwa mbele, karibu na barabara, likasakafiwa kwa saruji pande zote na chini lisinyonywe na udongo, na mahali ambapo lori la kunyonya maji taka laweza kufika. Majirani wa ubavuni hutumia maji ya bomba. Kutoka hapo hadi kisima cha nyuma ni mita 30 na kidogo. Gharama iliongezeka, na kila likijaa hatuna budi kulipia lori. Lakini siku tuliyokwenda kumweleza yule bibi, tuliona choo chake mwenyewe kipo hatua chache tu kutoka kisimani pake, kwa kuwa kiwanja chake ni kama chetu na hana pengine pa kukiweka. Chumba alichokisamehe mama kimemkinga na uchafu wetu, hakikumkinga na wake. Hapo ndipo wema wa familia moja unapokoma na wajibu wa serikali unapoanza, kwani dawa ya bibi yule ni bomba la maji safi na bomba la maji taka, na vyote viwili haviletwi na mtu binafsi.

Kitale ina mfano wake wa kujifunzia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Baraza la Manispaa lilishirikiana na shirika la ITDG, ambalo leo laitwa Practical Action, katika mitaa ya Tuwani, Kipsongo na Shimo la Tewa. Wakaazi walikaa pamoja na maofisa wakapanga habari za maji, vyoo na njia za mitaa yao. Kanuni hupokelewa vyema zaidi na watu walioketi katika meza ya kuzipanga.

Tulipofika Bungoma kumzuru khalati yetu, tuliliona jambo hilo kwa upande wa pili. Kwa miaka mingi Kitale, Bungoma, Webuye na Kimilili zimehudumiwa na Kampuni ya Maji ya Nzoia, ambayo mipaka yake ya kazi imevuka kaunti mbili. Bomba halijui mpaka wa kaunti. Khalati ana bomba uani, na kwake tulijifunza kwamba maji ya bomba nayo yana masharti. Mji wowote ambao maji huja kwa zamu, mkandamizo ukishuka, bomba lenye ufa huweza kufyonza uchafu ulio kando yake. Ndiyo maana bomba la maji safi halipitishwi katika mtaro mmoja na la maji taka. Na ile shingo iliyopinda chini ya sinki, ambayo mafundi wengine huiona ni mzigo wa bure, hubakiza maji kidogo yanayozuia harufu na wadudu kupanda ndani.

Nasi watu wa pwani tusidhani haya ni mambo ya bara. Sehemu kubwa ya jiji la Mombasa haijafikiwa na mabomba ya maji taka, na katika mji wa kale wa Lamu visima na vyoo vimekaa karibu mno tangu enzi za mababu. Maji ya udhu, ya kupikia na ya kumwoshea mtoto mchanga hutoka katika ardhi ile ile.

Wanaoyachota maji hayo aghalabu ni wanawake, nao ndio wanaouguza tumbo likimsokota mtoto usiku. Lakini katika vikao vya kujadili bajeti na sheria za kaunti, viti vya mbele hukaliwa na makontrakta na wenye majumba. Katiba, katika Ibara ya 196, inalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Tangazo la kikao likitoka, twende. Tusiombe mambo makubwa ya kutatanisha. Tuulize matatu: kanuni mpya za ujenzi zimetengewa wakaguzi wangapi katika kaunti hii? Bomba la maji taka litafika mtaa gani mwaka huu? Na mwenye kiwanja cha hamsini kwa mia, asiye na bomba, aweke choo chake wapi?

Yule bibi wa Kitale tumemwahidi kwamba kikao kijacho tutakwenda naye, na swali la tatu ataliuliza yeye.