Mombasa wanakooka mkate bila ngano

Mgeni anayeingia Mji wa Kale wa Mombasa alasiri, jua likiwa limeanza kupunguza makali yake, huongozwa na pua kabla ya macho. Ukiipa kisogo Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, ukafuata barabara ya Ndia Kuu hadi kwenye vichochoro vya Kibokoni, utakutana na harufu ya iliki, tui na makaa. Watalii wengi husimama kwenye milango ya nakshi na roshani za mbao, wakapiga picha, kisha wakaenda zao. Mimi nilikuwa nimesafiri kutoka Nairobi kwa sababu ya hiyo harufu.

Naam, safari hii ilikuwa na haja yake. Jirani yangu mmoja mtaani Umoja ana mtoto wa miaka minane ambaye daktari amemkataza ngano, shayiri na kila kilicho na glutini. Mtoto huyo huketi pembeni katika kila sherehe ya kuzaliwa, wenzake wakila keki. Unga maalumu wa watu kama yeye hupatikana katika maduka makubwa ya jijini, lakini bei yake si ya mtu wa mshahara wa kawaida. Basi mama yule alichukua kitabu cha mapishi cha Kizungu, akaondoa vikombe viwili vya unga wa ngano na kuweka vikombe viwili vya unga wa mchele. Keki iliyotoka ilimomonyoka kama kichuguu cha mchanga, na mtoto akalia.

Kwani kosa lilikuwa wapi? Unga wa ngano una glutini, ambayo ikikutana na maji na kukandwa huvutika kama mpira. Hamira inapotoa hewa, mpira huo huishika na mkate ukafura. Mchele hauna mpira huo hata chembe. Ukiukanda kutwa nzima, utapata uji mzito tu.

Sasa msomaji, hebu tazama wanavyofanya akina mama wa Kibokoni. Nilimkuta bibi mmoja ameketi barazani na majiko yake mawili. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akanisogezea kibao cha mbuzi nikalie. (Kukalia mbuzi bila kukuna nazi ni uvivu mtupu, kwa hiyo nilikabidhiwa nazi mbili.) Alikuwa akipika mkate wa kumimina, ambao wengine wauita mkate wa sinia. Jina lenyewe lakwambia siri yote. Mkate huu haukandwi, humiminwa.

Kipimo chake ni vikombe viwili vya mchele wa kawaida, kwani pishori ameiweka kwa pilau. Mchele huo hulowekwa usiku kucha. Asubuhi huchujwa maji, ukasagwa kwa tui zito, kiasi cha kikombe kimoja na nusu, pamoja na kijiko kimoja cha chai cha hamira na iliki za kutosha. Usagwe hadi ukiusugua kati ya vidole usihisi chenga. Hufunikwa mahali penye joto hadi ufure na kutoa mapovu. Ndipo hutiwa sukari, robo tatu za kikombe, na ute wa yai moja uliopigwa kidogo. Kisha humiminwa kwenye sufuria iliyopakwa samli na kupashwa moto, ikawekwa jikoni. Mkate ukishatoboka vitundu juu kama sega la nyuki, hufunikwa, makaa ya moto yakapaliwa juu ya kifuniko ili uso nao uive na kupata rangi.

Ama kwa hakika hapo ndipo nilipoelewa. Ngano haisitawi katika joto la pwani. Ya humu nchini hulimwa Narok, Uasin Gishu na sehemu nyingine za bara zenye baridi, na sehemu kubwa ya tunayokula hununuliwa ng'ambo. Wapwani hawakuchukua mkate wa ngano wakautia mchele kwa nguvu. Walibadilisha mapishi yenyewe yakaufuata mchele: rojo mahali pa donge, sufuria yenye kingo za kuishika, moto wa chini na wa juu ili ishikane upesi kabla hewa haijatoroka. Hata mkate wa mofa wa kale ulikuwa wa mtama, ukawa mdogo na bapa kwa sababu hiyo hiyo.

Onyo moja kwa wenye mtoto kama wa jirani yangu. Wapo wapishi wanaotia kijiko cha unga wa ngano kwenye mkate wa kumimina ili ushikane. Kijiko hicho kinatosha kumdhuru. Ulizeni kabla ya kununua. Na mchele usagwe nyumbani kwa blenda iliyooshwa vizuri, si kwenye mtambo wa mtaani uliotoka kusaga ngano.

Palepale barazani tulizungumzia mengine ambayo akina mama wa Nairobi huniuliza kila mara. Tui laweza kushika nafasi ya maziwa, ila lina mafuta zaidi, kwa hivyo punguza siagi. Palipoandikwa kikombe cha siagi, mafuta ya maji robo tatu za kikombe yatosha, maana siagi ina maji ndani yake. Lakini kama mapishi yanataka siagi na sukari zipigwe hadi ziwe nyeupe, mafuta hayafai. Ule upigaji ndio unaoingiza hewa. Ndizi mbivu iliyopondwa, robo kikombe, yaweza kuchukua mahali pa yai moja katika keki nzito. Usijaribu katika mkate wa mayai, ambao hauna kitu kingine cha kuuinua ila mayai yaliyopigwa na sukari. Hapo bibi alicheka sana.

Kuna jambo la magadi. Wako wanaofikiri magadi ya kuchemshia maharagwe ni sawa na beking soda. Magadi ni makali zaidi na keki itakuwa na ladha ya sabuni. Tena beking soda yenyewe haifanyi kazi bila kitu kichachu, mathalani maziwa lala au ndimu. Beking pauda imeshatiwa uchachu wake, hivyo maji matupu na moto vyatosha.

Jirani yangu ameshaupika mkate huo mara tatu kwa jiko la gesi, akiumalizia chini ya gurudumu la moto la juu katika oveni ya dada yake. Wa kwanza ulikuwa mbichi katikati, kwa kuwa alitumia sufuria nyembamba na ndefu. Sufuria pana, rojo isizidi vidole viwili kwenda juu, ndiyo iliyomfaa. Mwanawe alikata mkate wenye mshumaa mbele ya wenzake, na inasemekana wenzake waliumaliza.

Wanaoishi kwenye nyumba za vyumba vya ghorofa wasiige makaa ya barazani. Jiko la makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Bibi hupikia nje, upepo wa baharini ukipita.

Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, hukushusha Miritini, na kutoka huko utapanda matatu hadi mjini. Ukienda mwezi wa Ramadhani, fika Kibokoni mapema. Magharibi ikikaribia, masinia huwa yamebaki na makombo.