Siku tano za mwisho makao makuu

Vumbi la Dodoma limeshatoka masikioni, ila moyoni limebaki kidogo. Ndiyo maana leo viwanja vya Bongo tunavipumzisha, nakupeleka makao makuu ya nchi, kwenye siku zangu tano za mwisho kule.

Kwa faida ya wasiojua, Juni 2024 nilipata nafasi ya kujifunza kazi kwa miezi mitatu katika ofisi moja ya habari kule Dodoma. Mtu una cheti cha kidato cha sita na kalamu tu, ukiitwa huulizi mara mbili. Jina la ofisi nalibana, maana mbele huko nitawasema. Bi mkubwa akafungua kibubu, akanipa nauli ya basi na maneno matatu: "Usiniaibishe huko, mwanangu."

Mtoto wa Dar nilikwenda na dharau zangu. Nilijua nakwenda porini. Kumbe wapi! Nilikuta barabara pana, maghorofa, bajaji zinapishana kama siafu. Kilichonitesa ni hali ya hewa. Wenzetu wa Ulaya miezi hiyo ndiyo kiangazi chao, wanakwenda kuota jua ufukweni. Dodoma miezi hiyo ni upepo. Asubuhi unakubaridi, mchana unakumwagia vumbi, jioni midomo imepasuka kama ardhi ya ukame.

Ukitaka kuuelewa mji ule, kumbuka kwamba TANU iliamua mwaka 1973 makao makuu yahamie Dodoma. Wakubwa wakaitikia, lakini mizigo yao ikabaki Dar miaka nenda rudi. Ni mwaka 2016, Rais John Magufuli aliposema safari hii Serikali inahama kweli, ndipo watu walipoanza kugombea vyumba. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji, na wizara zikaanza kujengwa Mtumba, kama kilomita 17 kutoka mjini.

Matokeo yake, kila unayekutana naye amefuata kitu. Huyu Bunge, yule chuo, yule wizara, mimi fildi. Muulize mtu, "Unakaa hapa?" Atakujibu, "Nipo nipo tu, kwa muda." Hata godoro hanunui la maana.

Wagogo, wenyeji wa pale, husimulia kwamba zamani tembo alikwenda kunywa maji akakwama kwenye tope, watu wakasema "idodomya", yaani amezama, na jina la mji likaanzia hapo. Nilipohadithiwa nilicheka sana. Sikujua kwamba na mimi nitazama, tena kwenye deni la ugali!

Ilikuwa hivi. Ofisi iliniahidi posho kidogo kila mwezi. Juni nikapewa, Julai nikapewa. Agosti mhasibu akaanza wimbo wa "njoo kesho". Mimi nilikuwa nimepanga chumba Chang'ombe, siyo ile ya Temeke, ya kule kule Dodoma. Chakula nilikuwa nakula kwa mama lishe mmoja karibu na soko la Majengo. Mama wa Kigogo, mpole, mfupi wa maneno. Ukifika anakusalimu "Mbukwa", nawe unaitikia "Mbukwa", sahani inatua. Ugali wa uwele na mlenda, siku nyingine maharage. Shilingi 2,000.

Posho ilipokatika nikamweleza ukweli. Hakuguna. Alitoa daftari lililochakaa, akaandika "Kijana wa magazeti", akachora mstari. Kila sahani mstari.

Sasa njoo Jumatatu ya wiki ya mwisho. Nilikwenda kwa bosi nikiwa nimechomekea, nikitegemea kusikia "baki nasi". Akanipa mkono, akanipa barua ya shukrani, akasema nafasi hakuna. Posho? "Tutakutumia kwenye simu." Msomaji, mpaka naandika hapa simu yangu haijalia.

Jumanne nikahesabu mfuko. Nilikuwa na shilingi 40,000 nilizozificha ndani ya soksi tangu Julai, na zilikuwa na kazi yake. Treni mpya ya umeme ilikuwa imeanza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwezi Julai huo huo, na Agosti mosi Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi. Mji mzima habari ilikuwa treni. Hata kwenye Nanenane kule Nzuguni, katikati ya ng'ombe na matrekta, watu walikuwa wanahadithiana treni. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Nilishajiona nashuka Dar na begi langu, washikaji wananiuliza, nami najibu taratibu kama mtu aliyezoea.

Jumatano nikahesabu mistari ya Mama. Kumi na nane. Shilingi 36,000!

Jamaa yangu wa fildi akanicheka. "Wewe una wazimu? Panda treni, usiku huu huu. Nani atakufuata Dar kwa sababu ya mlenda?" Ushauri ule, nakiri, ulikuwa mtamu. Usiku mzima niligeuka kitandani. Nikajiambia nitamtumia kwa simu nikifika. Halafu nikashtuka: maneno hayo si ndiyo niliyoambiwa na bosi juzi tu?

Alhamisi jioni nikaenda Majengo. Nikamkabidhi Mama 36,000. Alizihesabu mara mbili, maana biashara ni biashara, kisha akafungua daftari kulifuta jina langu. Sikulikuta pale mbele nilipolizoea. Alifunua mpaka kurasa za mwisho.

"Mbona huku, Mama?"

"Huku ni kwa walioondoka," akasema. "Nilisikia unaondoka wiki hii, nikakuhamisha mapema."

Nikachungulia. Dereva wa mkubwa. Binti wa chuo, miwani. Fundi wa Mtumba. Mwalimu mrefu. Kurasa mbili na nusu, msomaji, za watu waliokuwepo kwa muda. Wote wameshiba, wote wameaga bila kuaga. Hakulalamika. Alisema tu kwamba wakija wapya watakuwa na njaa vile vile, atafanyaje?

Nilisikia aibu, maana usiku uliopita nilikuwa nimebakiza nusu hatua niingie ukurasa ule. Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya "Kijana wa magazeti".

"Sasa unaondoka na nini?" akauliza.

Nikamwonyesha 4,000. Ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Agosti ni msimu wa zabibu, na mdogo wake alikuwa utingo kwenye lori linalopeleka zabibu Dar. Nauli yangu ikawa mgongo wangu: Ijumaa kutwa nilipakia makreti mpaka mikono ikanata sukari, nyuki wananizunguka kama bwana harusi.

Tuliondoka jioni. Nilikaa katikati ya dereva na utingo, magoti kidevuni. Taa za Mtumba zikapita. Kibaigwa tulinunua mahindi ya kuchoma. Gairo baridi ikaniuma mpaka kwenye mifupa, nikajifunika turubai. Watu wa treni wanatumia saa nne hivi, sisi tuliingia Dar jua limeshapanda. Washikaji wakauliza, "Vipi treni?" Nikawaambia nimekuja na zabibu.

Bi mkubwa hakuuliza treni. Aliuliza kama nimeacha deni la watu.

"Sijaacha, mama."

Akaniwekea chai.

Basi msomaji wangu, Dodoma si pori, nenda kaione. Treni utaipanda, nami iko siku nitaipanda. Ila ukiwa kule kwa muda, kwa fildi, kwa Bunge, kwa semina ya siku tatu, kumbuka kwamba aliyekupikia hayupo kwa muda. Ni kwao pale. Angalia jina lako liko ukurasa gani kabla hujafunga begi.

Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo. Mbukwenyi!