Sura Huzaliwa, Imani Hufundishwa

Ndugu msomaji, ukifika Katubuka, hapa Kigoma, wakati wa masika, utaona maji yametuama bondeni. Pita njia ya juu, uje tuamkiane. Mtoto akizaliwa kwetu, wazee humtazama wakasema, "Hii ni pua ya babu yake!"

Mimi ni karani wa parokia. Mwaka jana kijana alikuja kuandikisha ndoa. Sura ilikuwa ya babu yake katekista, lakini Nasadiki ilimshinda.

Niliwakumbuka Wayahudi. Mathayo ahesabu ukoo wao, tangu Abrahamu mpaka Kristu, vizazi 14 mara tatu. Uyahudi hurithiwa kwa mama. Hata hivyo hawakuiachia damu kazi yote. Ijumaa jioni, Sabato ikiingia, mama huwasha mishumaa, na watoto hubarikiwa mezani.

Tazama jirani zetu wa Mbale, Uganda. Semei Kakungulu alishika dini ya Kiyahudi mwaka 1919. Yeye na wafuasi wake, Abayudaya, hawakuzaliwa Wayahudi. Alifariki mwaka 1928. Zamani za Idi Amin, 1971 hadi 1979, dini yao ilikatazwa. Wengi waliiacha, wachache walisali kwa siri. Mwaka 2008 Gershom Sizomu, mtoto wa jamaa hiyo, akawa rabi. Wale hawakuwa na damu ya Abrahamu ya kutegemea, ila wazazi waliofundisha.

Basi, baba na mama, jioni hii, kabla ya kuzima taa, salini pamoja na watoto. Pua watairithi bila kufundishwa.